Sahro Aliyeivua Nyumba Yangu Rangi

Watu wa kwetu Siakago humwita "yule mama wa kukwangua". Jina lake ni Sahro, binti Gedi, mzaliwa wa Majengo kule Meru, ambako baba yake aliuza nyama mpaka alipofariki. Ni mfupi, sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake, na kazi yake ni kutoa sumu katika nyumba za watu: rangi za zamani, dawa za shamba zilizosahaulika ghalani, betri, taa zilizovunjika, mafuta machafu. Nimeona wanawake wengi wakisafisha uchafu ulioachwa na wanaume. Sahro ndiye wa kwanza niliyemwona akilipwa kwa kazi hiyo.

Nyumba yangu ilijengwa na baba mkwe wangu, aliyekuwa karani wa pamba wakati Mbeere ilipokuwa na pamba. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya rangi upande wetu. Milango na madirisha yalikuwa ya kijani, na kuta za ndani zilikuwa kijani mpaka kiunoni, halafu krimu mpaka juu. Kila Krismasi mzee alipaka mkono mwingine wa rangi juu ya ule wa zamani, mpaka ukigonga mlango kwa kucha ulisikia kama unagonga sahani.

Mume wangu Njagi alipopata pesa za miraa alioa mke wa pili huko Kangeta, akamjengea nyumba mpya yenye vigae. Mimi niliambiwa nishukuru kwa kuachiwa nyumba ya baba. Mbuzi wangu kumi na mmoja ndio walionunua shamba lake la kwanza la miraa, lakini hayo yanakumbukwa na mimi na mbuzi tu, na mbuzi walishaliwa. Pamoja na nyumba aliniachia betri nne za gari zilizokufa, za enzi alipokuwa akiwashia televisheni. Alisema angezifuata wiki ile ile. Hiyo ilikuwa miaka tisa iliyopita.

Basi niliipenda ile nyumba kwa hasira. Kila Jumamosi niliosha milango kwa sabuni. Mvua ilipoozesha pembe za mlango wa jikoni na fremu mbili za madirisha, nilizitoa kwa uchungu kama ninayezika mtu, nikaweka za mabati.

Kisha akaja Kanini. Binti yangu Rwamba alimzaa bila kuolewa, akampa jina langu kama desturi yetu inavyotaka, na alipofikisha miezi minane akaniletea nimlee ili yeye arudi kazini Embu, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mimi ni Kanini mkubwa, yeye Kanini mdogo. Alikuwa na mahali pake nyumbani: ukingo wa dirisha la sebuleni, ambapo rangi ilikuwa ikibanduka kama maganda ya kitunguu. Alisimama pale akinichungulia nikichambua kunde nje, huku akitafuna yale maganda. Nikimkataza alinijibu, "Tamu, cucu," yaani bibi. Nilidhani ni utoto. Sisi tulikula udongo na tukakua.

Alipofika miaka miwili na nusu alianza kulia tumbo. Akapauka. Maneno aliyokuwa ameshajifunza akaanza kuyaacha, moja leo, jingine kesho. Pale hospitalini Embu daktari mmoja mwanamke hakuniuliza mtoto anakula nini kwanza. Aliniuliza nyumba yetu ina rangi gani na ilipakwa lini. Damu ikapelekwa Nairobi. Jibu lilirudi thelathini na nane, na daktari akanieleza polepole kwamba hicho ni kipimo cha madini ya risasi katika damu, kwamba hata tano ni nyingi, kwamba rangi za zamani zilitiwa madini hayo ili zing'ae na zidumu, kwamba mtoto akiyala yanaharibu akili na damu. Akasema yana utamu mdomoni. Aliposema hilo la utamu nilitafuta mahali pa kukaa.

Agizo lake lilikuwa fupi: mtoto asilale tena katika ile nyumba mpaka rangi itolewe na watu wanaoijua kazi hiyo. Rwamba akamchukua Embu kwenye chumba chake kimoja, akawa anamwacha kwa jirani mchana.

Njagi alisikia. Alinipigia simu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mazishi ya mama yake. Alisema nyumba ya Kangeta haina rangi ya zamani, mke wake hana kazi nyingi, mtoto apelekwe huko akalelewe vizuri. Aliyasema kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma. Alikuwa amechukua mbuzi, akachukua miaka yangu, na sasa jina langu lingeitwa asubuhi na jioni katika nyumba ya yule mwanamke. Nilimwomba Rwamba asubiri. Rwamba akasema atasubiri, lakini si milele, kwa sababu jirani ameanza kuchoka.

Kwa hiyo nilichukua panga nikaanza kukwangua. Nilikwangua mlango wa sebule mchana mzima, vumbi la kijani likanijaa nywele. Nilikuwa bado nakwangua Rwamba aliponipigia, akasema kuna mteja wao dukani, mama anayenunua nailoni nyingi na kazi yake ni hii hii, nizungumze naye. Sauti mpya ikaja kwenye simu.

"Mama, nasikia kitu kinakwaruza. Umeshika nini?"

"Panga."

"Iweke chini. Toka nje, oga mpaka nywele, na hizo nguo ziloweke peke yake. Rangi ilikuwa imelala ukutani, wewe unaiamsha uivute."

Nilimwambia nyumba ni yangu. Akanijibu kwamba mapafu pia ni yangu, nichague. Nikaoga.

Alikuja Jumatatu iliyofuata katika lori dogo lililoendeshwa na mume wake, Mohamednoor, mwanamume mrefu, mtulivu, mwenye ndevu zilizoanza mvi. Waliposhuka walivaa mavazi meupe ya mwili mzima, glavu, na barakoa zenye vichujio viwili mashavuni. Huku kwetu mavazi ya namna hiyo yana maana moja. Kabla hawajafungua vifaa, jirani yangu alikuwa ameshafika na sufuria, akiuliza asali inauzwaje.

"Asali ya huku ni ya kijani," Sahro akamwambia. "Ukiionja utakuja kuitapika hospitali."

Kwanza hakugusa kitu. Alitoa kijiti cha kupimia risasi, chenye pamba nchani, akakiponda ili dawa ya ndani iloweshe pamba, akakisugua kwenye ukingo wa dirisha la Kanini. Pamba ilikuwa ya manjano. Ikageuka nyekundu kama nyanya. Alisugua mlango, nyekundu. Alisugua ukuta wa chini, nyekundu. Ukuta wa juu wa krimu, nyekundu kidogo. Niliona aibu kama mtu anayevuliwa nguo, kwa sababu huo ndio ukuta niliokuwa nikiuosha kwa sabuni miaka yote.

Kazi ilichukua siku tisa. Nililala kwa dada yangu, lakini kila asubuhi nilirudi kukaa chini ya mgunga ng'ambo ya ua, kwa sababu sikumwamini mtu na nyumba yangu. Walitandika nailoni sakafuni na kuifunga kingo kwa utepe. Walilowesha ukuta kwa pampu ile ile tunayonyunyizia dawa shambani, kisha wakakwangua ukiwa umelowa, vipande vikianguka kama tope bila vumbi hata chembe. Hawakuwasha moto. Sahro alisema kuna mafundi wanaochoma rangi ili ilainike, na moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Kila kilichoanguka kilitiwa katika mifuko minene, ikafungwa shingo kama kuku, ikaingia kwenye mapipa yenye vifuniko. Mapipa yangekwenda mbali, mahali penye kibali cha kuyapokea, na Sahro alinionyesha karatasi yake ingawa nilimwambia karatasi mimi sizijui. Ndugu zangu wa kiume ndio waliopelekwa shule. Alinisomea yote, mstari kwa mstari, akiwa amesimama juani.

Lakini kilichonivuta hasa ni mambo ya wale wawili. Sahro alikuwa bosi, Mohamednoor alikuwa mfanyakazi, na hakuna aliyeona ajabu isipokuwa Siakago nzima. Akisema nailoni imelegea, mume anairudia. Akisema pumzika, mume anapumzika. Mzee mmoja alisimama barabarani akamuuliza Mohamednoor kama ameolewa au ameoa. Mohamednoor akafikiri kidogo.

"Mzee, mimi nimeajiriwa. Mambo ya kuoa tunayazungumza jioni."

Saa sita wakivua mavazi na kuosha mikono mpaka viwiko, na uso, na shingo, Mohamednoor alimmiminia mke wake chai ya maziwa kutoka kwenye chupa, akiipuliza kwanza. Nilitazama pembeni. Katika miaka yangu ya ndoa nilipuliziwa moshi tu.

Ni wakati wa chai ndipo Sahro aliponieleza maisha yake. Baba yake alitaka akae kwenye buchari ahesabu mifupa. Yeye akaenda Nairobi kusafisha majengo. Siku moja kikosi chao kilitumwa kukwangua zahanati ya zamani, na msimamizi akawagawia wanaume barakoa, akawaambia wanawake wajifunge leso puani. Sahro aliketi chini. Akasema hataki leso, anataka barakoa. Akafukuzwa kabla ya saa nne. Mwanamke aliyekuwa akikagua ile kazi alimfuata mpaka kwenye lango na kumuuliza jina lake, na huyo ndiye aliyemfundisha kazi kwa miaka sita. Aliporudi Majengo na barakoa mbili na cheti, mama yake alisema hayo ni mambo ya Nairobi. Sahro akasugua kijiti kwenye mlango wa mama yake. Mama alikitunza kile kijiti chekundu kabatini, na mpaka leo anawaonyesha wageni kama picha ya harusi.

"Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza," alisema. "Mama hakunilipa. Alinipa Mohamednoor, alikuwa mpangaji wake."

Mohamednoor akasema yeye hakuulizwa.

Siku ya tisa waliniita niingie. Sikuijua nyumba yangu. Chini ya kijani mlikuwa na mbao za muhuru, ngumu, za rangi ya chai, zenye mistari mizuri kama nywele zilizochanwa. Nililia kidogo kwa ajili ya kijani, kisha nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa napapasa mlango na mkono haukutaka kuondoka. Sahro alisugua vijiti kila chumba mbele yangu. Vyote vilibaki manjano. Nilikuwa nimeuza mbuzi wawili kwa kazi ile, na safari hii nilijua wamekwenda wapi. Juu yake nikampa jogoo.

Nilidhani yameisha. Mwezi wa Mei Kanini alipimwa tena. Thelathini na sita.

Hakuwa amelala kwangu siku hata moja tangu Machi. Njagi alipiga simu akasema nimeibiwa na wababaishaji, na kwamba kama mtoto hapati nafuu Embu wala Siakago, basi dawa iko Kangeta. Safari hii hakuwa mpole. Rwamba alisema tungoje kipimo cha Agosti. Kisiposhuka, atampeleka mtoto kwa Njagi, Kangeta.

Nilimpigia Sahro nikamtukana. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kesho yake alikuwa langoni kwangu na vijiti vyake, bila kudai chochote. Alisugua sebule, vyumba, kabati, kitanda, hata fimbo yangu. Manjano, manjano, manjano. Aliniuliza Kanini anakula nini Embu. Nikamwambia maziwa, mayai, mboga, yote aliyosema daktari, na kunde zangu, maana huwezi kumwacha mtoto wa Mbeere aishi kwa chakula cha duka. Kila wiki mbili nilimpelekea mfuko. Rwamba aliniambia Kanini anapenda kuchezea zile kunde kwenye kopo, anatia punje mdomoni kama peremende.

Nilijuta kumtukana mgeni aliyekuja kwangu bila malipo, kwa hiyo nikaingia ghalani kumfungia na yeye kunde za kupeleka Majengo. Nilipotumbukiza bakuli kwenye gunia, wingu la kijivu likapanda. Sahro alikuwa mlangoni.

"Mama, hilo vumbi ni la nini?"

"Si vumbi. Ni majivu. Bila majivu kunde zinaliwa na wadudu kabla ya Pasaka. Kwenu Majengo hamjui haya."

"Hatujui, kweli. Majivu ya kuni gani?"

Nilifungua mdomo nimjibu, ukabaki wazi. Mlango wa jikoni na zile fremu mbili, pamoja na ile rangi yake ya kijani. Mti mzuri uliokauka vile, nani angeutupa? Niliupasua kuni, nikapikia githeri miezi miwili, na majivu yake, meupe na laini kuliko majivu yote, niliyachunga na kuyaweka kwenye debe kwa ajili ya mavuno ya Februari. Niliyachanganya kwa mikono yangu mwenyewe. Kisha nikamtumia mjukuu wangu kwa basi, mfuko baada ya mfuko, nikiwa nimeufunga kwa uzi mwekundu ili ajue umetoka kwa cucu.

Sahro alisugua kijiti kwenye bakuli. Hakunionyesha rangi yake. Alikitia mfukoni, akaja akaketi nami juu ya gunia. Kisha akasema kwamba mama yake alikuwa akisugua meno kwa mkaa wa dirisha lake la zamani, lenye rangi kama hii, na ana meno yote mpaka leo, na ulimi wote pia, kwa bahati mbaya. Nikacheka huku nalia. Akampigia Rwamba, akamwambia kunde zile ziondolewe siku hiyo hiyo pamoja na kopo lake.

Magunia matatu yalitoka. Kutupa chakula Mbeere ni kama kuitukana mvua, na Mohamednoor aliyafunga kwenye mifuko kwa heshima, hakuyarusha. Alichimba na lile jaa la majivu nyuma ya jikoni, akaondoa udongo mpaka kwenye mwamba. Na kwa kuwa ghala lilikuwa wazi, walitoa pia mikebe ya dawa ya pamba ya baba mkwe, ambayo mmoja nilikuwa nikipimia mahindi. Nilibakiza mawazo yangu tu.

Zilibaki betri nne. Sahro alisema wanunuzi wa betri mbovu hawazipokei bila mwenyewe kujitokeza na kitambulisho, kwa sababu ya wezi. Nikampigia Njagi. Alisema ana kazi. Basi ziliwekwa kwenye kreti ya plastiki yenye kifuniko, kwenye kona ya ua, zikamngoja.

Agosti ilikuja na baridi yake na mawingu. Jumamosi ile Rwamba alisema anakuja na mtoto na jibu la hospitali, na hakutaka kulisema kwenye simu. Sahro na Mohamednoor walifika mapema kupima nyumba mara ya mwisho. Njagi naye alifika, na shati jeupe, na ndani ya gari lake niliona godoro dogo jipya, bado limo kwenye nailoni. Alikuwa na uhakika kiasi hicho. Alikaa kwenye kiti changu akaomba chai. Nilimpa.

Rwamba aliingia akiwa amemshika Kanini mkono. Alitoa karatasi kwenye mkoba.

"Kumi na nne," alisema. "Na daktari anasema bado inashuka. Kama nyumba ni safi, anaweza kurudi."

Njagi akasema nani anajua kama nyumba ni safi. Sahro hakubishana naye. Alimpa kijiti, akamwonyesha namna ya kukiponda, akamwambia, "Baba Rwamba, sugua mahali popote unapopachukia." Njagi alisugua dirisha. Alisugua mlango. Aliinama akasugua chini ya meza, na alipoinuka kijiti kilikuwa manjano kama alivyopewa. Alikitazama muda mrefu, kisha akamtazama Rwamba. Rwamba alikuwa ameshaweka mfuko wa nguo za mtoto juu ya kitanda changu.

"Mimi na wewe, mzee, bado tuna kazi moja," Sahro akamwambia. "Zile betri ni zako?"

"Ni zangu."

"Mwenye mali huzipakia mwenyewe. Shika glavu."

Hiyo sheria nadhani aliitunga pale pale. Mohamednoor, ambaye kwa siku tisa nilimwona akibeba mapipa kama vikapu, ghafla alikuwa na mgongo mbaya. Basi Njagi alivaa vazi jeupe juu ya shati lake jeupe, miguu ya vazi ikiishia katikati ya muundi, na akatoa betri zake katika ua wangu, moja moja, mara nne. Jirani alikuja na sufuria yake kuuliza kama sasa asali ipo.

Godoro alituachia. Nililipokea. Kanini alihitaji godoro, na mimi nilimdai Njagi mengi kuliko hilo.

Walipokuwa wakifunga lori, Kanini aliniponyoka mkononi. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye dirisha la sebuleni, mahali pake pa zamani, na kabla hatujamfikia alikuwa ametoa ulimi na kuulamba ukingo wa mbao kutoka huku mpaka kule. Sote tulisimama. Alionja, akakunja uso, akatugeukia kwa huzuni ya mtu aliyedhulumiwa.

"Cucu," alisema, "dirisha limeharibika."

Sahro alicheka mpaka akashikilia lori. Mimi nilimbeba mtoto nikamwambia ni kweli, limeharibika, twende jikoni tukatafute ndizi.